Mfanyakazi Mmoja, Wakubwa Wawili

Tuanze na Jumanne moja ya kawaida. Fundi wa maji katika ofisi ya maendeleo ya kanisa ameambiwa na mkubwa wa idara yake aende upande wa Mutomo akapime kisima. Siku hiyohiyo mratibu wa mradi anamtaka Zombe, kwenye baraza la wenyeji, kwa sababu bila yeye hakuna wa kuwaeleza wazee ukuta utapita wapi. Pikipiki ni moja na petroli ni ya safari moja. Je, amtii nani?

Uliza swali hili katika ofisi yoyote ya Kitui au Wote, iwe ya kanisa, ya serikali ya kaunti au ya shirika, na watu watacheka. Wanacheka kwa sababu wanamjua huyo fundi. Wengine ndio huyo fundi. Sisi Wakristo tunalijua neno kuhusu mabwana wawili na tuna haraka ya kulitoa hapa. Lakini neno lile lahusu Mungu na mali. Halikutolewa kwa ajili ya mtu mwenye pikipiki moja na barua mbili mezani.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini kazi zetu zimepangwa hivi, kwa nini hatuwezi kumwondoa mkubwa mmoja tukabaki na mwingine, na ni nini kinachoweza kufanywa ili wananchi wasiumie katikati. Nitasema pia kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki, maana lilinifundisha kuliko semina zote.

KWA NINI WAKUBWA WAWILI?

Mama anaposuka kiondo huanza na kitako. Kutoka hapo nyuzi nyingine hupanda juu, na nyingine huzunguka zikipita katikati ya zile zinazopanda. Ukiwa na zinazopanda tu, huna kiondo, una ufagio. Ukiwa na zinazozunguka tu, huna kitu cha kuzishikilia.

Nyuzi zinazopanda ni idara: maji, kilimo, afya, elimu, maendeleo ya jamii. Idara huwaweka pamoja watu wa ujuzi mmoja. Nyuzi zinazozunguka ni miradi na mahali: bonde fulani, kata fulani, kikundi fulani cha akina mama. Mradi huwaweka pamoja watu wa ujuzi mbalimbali kwa ajili ya wananchi walewale. Basi pale nyuzi mbili zinapokutana ndipo anasimama mfanyakazi, na ndiyo maana ana wakubwa wawili.

Wapo wanaosema, futeni idara, mwacheni mratibu atawale. Wazo hili ni zuri mpaka siku ukuta unapopasuka. Fundi wa maji asiye na mkubwa anayejua maji hana wa kumkagua kipimo chake cha simiti na mchanga, wala wa kumwambia kwamba mwamba aliouchagua si mwamba bali ni jiwe kubwa lililokaa juu ya udongo. Wapo pia wanaosema, futeni mratibu, kila idara ifanye kazi yake. Hiyo tumeiona. Watu wa maji wanajenga tangi kwenye shule, watu wa afya wanaleta vyoo kwenye shule nyingine, na watu wa kilimo wanagawa mbegu mahali pa tatu ambapo hakuna tangi wala choo.

Shida hii si ya Ukambani peke yake. Katika miaka ya 1960 kampuni za Marekani zilizotengeneza ndege na roketi zilijikuta hapohapo. Mhandisi mmoja alikuwa wa karakana yake, na pia alikuwa wa roketi fulani iliyokuwa na tarehe ya kuruka. Wakaamua kuwaacha wakubwa wote wawili na kuandika wazi nani anaamua nini. Hilo la kuandika ndilo sisi tunalosahau.

TUMEPITA HAPA ZAMANI

Wazee wanaosoma gazeti hili wataikumbuka MIDP, yaani Mpango wa Maendeleo wa Pamoja wa Machakos, ulioanza 1978 kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya na kuendelea hadi 1988. Wakati huo Makueni yote ilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos. Ilipata wilaya yake 1992. Mpango ule haukuja na serikali yake. Ulitumia idara zilizokuwapo, za maji, kilimo, ushirika na maendeleo ya jamii, ukajaribu kuzifanya zivute kamba upande mmoja.

Kisha ikaja Julai 1983. Kamati iliyoongozwa na Philip Ndegwa ilikuwa imependekeza mwaka wa 1982 kwamba mipango ya maendeleo ihamie wilayani, na Rais Moi akaitekeleza kwa jina la District Focus. Kila wilaya ikawa na Kamati ya Maendeleo, ile DDC, mwenyekiti akiwa DC na mwandishi akiwa Ofisa wa Maendeleo wa Wilaya.

Huyo Ofisa wa Maendeleo nilimhurumia tangu nilipoanza kuielewa kazi yake. Alitakiwa kuwaunganisha wakuu wa idara zote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa chini yake. Mkuu wa kilimo alikuwa mtu wa wizara ya kilimo. Kupandishwa cheo, kuhamishwa na mshahara vilitoka Nairobi. Kile kibali cha matumizi ambacho maofisa walikiita AIE kilikuja kwa mkuu wa idara, si kwa mwandishi wa kamati. Basi mwandishi alikuwa na daftari la kumbukumbu za mkutano, na wenzake walikuwa na fedha na magari. Mikutano ikawa ya kusoma ripoti. Kila idara inasimama, inasoma, inaketi.

Hata hivyo sitaki kuudharau mpango ule. Uliwafanya maofisa wa wilaya moja wajuane, na kujuana ni nusu ya kazi. Mratibu asiye na amri juu ya mtu yeyote ana silaha chache tu: anajua mambo ya kila upande, anajua tarehe, na anajua nani anamdai nani. Aliyezitumia vizuri alifika mbali.

BWAWA LILILOKAMILIKA MARA NNE

Sasa nije kwenye kosa letu. Sitataja ofisi wala kijiji, ila ni katika kaunti zetu hizi mbili, na wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mratibu.

Ilikuwa kazi ya bwawa la mchanga. Wasomaji wengi wanalijua. Ukuta wa mawe na simiti hujengwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga, mahali ambapo jua haliyafikii na mbu hawazai. Mchanga mkubwamkubwa unaweza kushika maji kama theluthi moja ya ujazo wake. Mashirika kama SASOL ya Kitui yamesaidia vijiji kujenga mamia ya kuta hizi tangu miaka ya 1990, na wenyeji wakitoa mawe, mchanga na nguvu zao kwa mwethya.

Lakini bwawa la mchanga halina idara moja. Watu wa maji wanachagua mwamba na kuchora ukuta. Watu wa kilimo wanapaswa kuwa wamechimba makingamaji ya fanya juu kwenye miteremko ya juu, maana bila hayo mto unaleta udongo mlaini badala ya mchanga, na udongo mlaini hushika maji usiyaachie. Watu wa afya wanapima maji na kufundisha usafi. Watu wa maendeleo ya jamii wanaandikisha kikundi na kuifundisha kamati. Chifu anatakiwa, kwa sababu ukingo mmoja ni shamba la mtu na njia ya punda inapita hapo.

Ukuta wetu ulimalizika Septemba 2015. Mvua za Oktoba hadi Desemba mwaka huo zilikuwa nzuri, mchanga ukaja, sehemu kubwa ikajaa. Fundi akachimba kisima kifupi kando ya ukuta na kukijengea pete za simiti. Kilichobaki kilikuwa mfuniko wa zege na pampu ya mkono. Kazi ya wiki moja.

Idara ya maji iliandika kwamba kisima kimekamilika. Kwao kilikuwa kimekamilika kweli. Mfuniko ni kiti cha pampu, wakasema, na pampu imo kwenye bajeti ya afya, chini ya maji safi. Idara ya afya ikasema haiwezi kununua pampu kabla maji hayajapimwa, na maji hayapimwi kisima kikiwa wazi, kwa sababu kisima kilicho wazi kitapatikana kichafu tu. Kifunikwe kwanza. Kilimo waliandika mita za makingamaji walizochimba, na zilikuwa nyingi. Maendeleo ya jamii walifundisha kamati siku tatu jinsi ya kutunza pampu, kukusanya pesa za vipuri na kuandika daftari. Vyeti vikatolewa. Pampu haikuwapo.

Kwa hiyo bwawa lile lilikamilika mara nne, katika ripoti nne, na mimi nilizibana zote katika faili moja nikazituma kwa wafadhili. Hakuna ripoti iliyodanganya. Hiyo ndiyo hatari yake. Ingekuwapo ya uongo, mtu angeigundua.

Mvua za mwisho wa 2016 zilikuwa mbaya. Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Tulipofika kijijini akina mama walikuwa wakichimba vishimo mchangani, mita chache tu kutoka kisima chetu chenye pete nzuri za simiti, na punda wakinywa kwenye vishimo hivyohivyo. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa matawi ya miiba ili watoto wasitumbukie. Watoto kadhaa walikuwa wakiharisha. Mama mmoja wa kamati alinionyesha cheti chake cha utunzaji wa pampu, alikuwa amekihifadhi vizuri katika karatasi ya nailoni. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama hicho cheti kina tarehe ya kuisha.

Sikuwa na jibu.

TULIBADILISHA NINI

Kwanza tulijaribu kutafuta mwenye makosa. Hiyo ilichukua mikutano miwili na haikutufikisha popote, kwa sababu kila mtu alikuwa na karatasi yake.

Kisha tukaketi na kuandika ukurasa mmoja. Si mpango wa kazi. Mipango ya kazi tulikuwa nayo ya kutosha kufunika paa. Ukurasa huu ulikuwa na maamuzi, si shughuli. Nani anaamua mahali pa ukuta? Idara ya maji, baada ya kumsikiliza chifu na wenye mashamba. Nani anaamua ukuta uanze lini? Mratibu, lakini si kabla ya kilimo kusema makingamaji yamefika kiasi gani. Nani ananunua pampu? Afya, lakini idara ya maji ndiyo inayotoa kipimo cha mfuniko na inautengeneza, na pesa zake zinatengwa siku ile simiti ya ukuta inaponunuliwa. Na nani anasema kazi imekwisha? Hapo palikuwa na ubishi mkubwa. Tulikubaliana mwishowe kwamba hakuna idara inayosema. Kamati ya kijiji ndiyo inayosema, na inasema siku mtungi wa lita 20 unapojazwa kwa pampu.

Kila jambo lilikuwa na jina la mwenye kuamua, mmoja tu, na majina ya wanaoulizwa kabla, na ya wanaojulishwa baadaye. Ukiwaandika wawili kuwa waamuzi wa jambo moja, hujaandika kitu. Wakubwa wote wakatia sahihi. Nakala moja ikabandikwa ofisini, nyingine akapewa mama mwenyekiti wa kamati, na yeye ndiye aliyeitumia kuliko sisi sote. Alikuwa akiifungua katikati ya mkutano na kuweka kidole kwenye mstari.

Jambo la pili ni lile la fundi na Jumanne yake. Zamani alipopata amri mbili alikuwa akitumwa na mkubwa huyu kwa yule, na yule kumrudisha kwa huyu, kama mtoto wa wazazi wasiozungumza. Anayepiga kelele zaidi ndiye aliyempata. Tukaweka kanuni kwamba mfanyakazi mwenye amri mbili haendi popote wala hachagui. Anawaandikia wote wawili ujumbe mmoja, na wao wanaongea kabla ya jioni. Wasipokubaliana wanaenda pamoja kwa mkurugenzi. Pamoja, si mmoja akitangulia kusengenya. Mwezi wa kwanza walienda mara nyingi. Baadaye wakachoka kwenda, wakaanza kupigiana simu Ijumaa kupanga wiki inayofuata. Nafikiri aibu ya kupanda ngazi zile wakiwa wawili ilifanya kazi kuliko kanuni yenyewe.

Tatu, maneno ya mratibu yaliingizwa katika tathmini ya mwaka ya mfanyakazi. Mkuu wa idara anaandika juu ya ujuzi wake, mratibu juu ya kazi yake kijijini, na yote mawili yanahesabiwa. Kabla ya hapo, mimi niliomba na wao waliamuru. Mtu ana familia na karo za shule; atamsikiliza anayeandika barua ya kupandishwa.

Nisiseme kwamba kila kazi inahitaji haya. Chanjo ya ng'ombe ni ya idara ya mifugo, waache wakachanje. Tulipopata ladha ya mikutano ya pamoja tulianza kuiitisha kwa kila kitu, hata kwa ununuzi wa matairi, na watu wa nje ya ofisi wakawa hawatupati tena. Ukurasa ule ni kwa kazi ambayo idara moja haiwezi kuimaliza.

KATIKA KAUNTI ZETU

Tangu 2013 mafundo yameongezeka. Makueni ina kata 30 na Kitui 40, kila moja na msimamizi wake, na juu yao wapo mawaziri wa kaunti, huku machifu na makamishna wakibaki chini ya serikali kuu. Maji, afya na kilimo ni vya kaunti. Shule ya msingi na polisi ni vya serikali kuu. Nenda shule yoyote ya msingi yenye chekechea uone: chekechea ni ya kaunti, darasa la kwanza ni la serikali kuu, na ua ni mmoja. Tangi likiletwa kwa ajili ya chekechea, utamzuia mtoto wa darasa la tatu asinywe?

Mchanga wenyewe ni mfano. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Mchanga ni maji kwa idara ya maji, ni mazingira kwa idara ya mazingira, ni ushuru kwa wakusanyaji wa mapato. Lori linapobeba mchanga usiku kutoka nyuma ya ukuta wetu, anayeweza kulisimamisha ni askari ambaye si mtu wa kaunti. Idara zisipokuwa zimeongea kabla, lori limeshafika barabara ya Mombasa.

Lakini yapo mazuri ya kuiga. Katika miaka ya Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, Makueni ilijulikana nchini kote kwa kamati za miradi zinazochaguliwa na wananchi, ambazo sahihi yao ilitakiwa kabla mkandarasi hajalipwa. Angalia ujanja wake: wizara kadhaa zinaweza kubishana zitakavyo, lakini mwisho wa kamba unashikwa na mwananchi anayejua kama bomba linatoa maji.

Na katika mambo ya ukame ipo kamati ya kaunti ambamo gavana na kamishna wa kaunti wanashika uenyekiti kwa pamoja, na NDMA, mamlaka ya ukame iliyoanzishwa 2011, ikiwa mwandishi. Wenyeviti wawili! Ungetegemea mafahali zizini. Kinachosaidia ni ile taarifa ya kila mwezi. Katika karatasi moja unakuta mvua, hali ya malisho, mwendo wa kwenda majini, bei ya mbuzi na ya mahindi, na kipimo cha mkono wa mtoto mdogo. Mtu wa mifugo hawezi kusema mambo ni sawa kwa kuwa mbuzi wanauzika, wakati mistari miwili chini yake mikono ya watoto inapungua. Hebu fikiria kama faili langu la 2015 lingekuwa na ukurasa wa aina hiyo, ripoti zote nne mahali pamoja na mstari mmoja wa mitungi iliyojazwa. Mstari ule ungesoma sifuri.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuacha mahubiri wakaenda kugawa wenyewe, wala hawakusema hiyo si idara yetu. Walilitaja jambo mbele ya wote, watu wakachagua saba, na hao saba wakajulikana kwa majina.

Kisima chetu kilipata mfuniko na pampu Machi 2017, miezi 18 baada ya ukuta. Fundi na mtu wa afya walikwenda kwa gari moja, kazi ikachukua siku nne pamoja na kungoja zege ikauke. Maji yalipimwa wiki iliyofuata. Wale akina mama wa kamati ilibidi wafundishwe tena siku moja, kwa sababu wawili walikuwa wameolewa mbali na mmoja alikuwa amefariki. Yule mwenye cheti alikataa kupewa kipya. Alisema kile cha kwanza bado ni kizuri.